Paa la Mama Lenye Magurudumu

Betri ya gari ililala chumbani kwetu msimu mzima wa baridi, imefunikwa blanketi zito la sufu, nami nikafunikwa shuka na kanga mbili. Naanza na hilo ili ijulikane mapema niliolewa na mtu wa namna gani. Mume wangu alikuwa mtu wa Tanga, fundi wa mitambo ya kuchimba visima, mpole kwa watu na mpole zaidi kwa vyuma. Baridi alikuwa haijui kabla kazi haijamleta Dodoma, na alipoijua aliichukulia kama ugomvi uliomlenga yeye binafsi.

Watu wa mbali hudhani Dodoma ni jua na vumbi tu. Waje mwezi wa saba. Upepo unaanza kabla ya chai ya asubuhi, unatoka huko nyikani kusikokuwa na kitu cha kuuzuia, unapenya kwenye kila ufa wa dirisha, na ofisini kwetu sisi wachapaji tulikuwa tunapuliza vidole kwanza ndipo tuguse mashine. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na baridi ile ilikuwa neema kwa wauza mitumba. Makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya watu yalining'inia sokoni, na waheshimiwa na wabeba mizigo wakayagombania sawasawa. Mimi nilipata moja la rangi ya ugoro, lina manyoya shingoni. Mume wangu alinunua mawili, akayavaa yote kwa pamoja.

Gari lenyewe lilitoka kwa mtaalamu wa Kizungu aliyesimamia uchimbaji wa visima upande wa Kondoa na Kongwa. Lilikuwa gari la kulala. Kwa nje ungedhani ni basi dogo lililonenepa, lakini ndani mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja, sinki, jiko la gesi, na hita nayo ya gesi kwa ajili ya kupasha joto. Mradi ulipokwisha, yule mtaalamu aliona kulisafirisha hadi kwao ni hasara tupu, akamwachia mume wangu kama shukrani kwa miaka waliyofanya kazi pamoja. Enzi zile kila mtumishi alikuwa na mradi wake nyuma ya nyumba. Jirani wa kulia alifuga kuku wa mayai, mke wa jirani wa kushoto aligandisha barafu za kuuza. Mume wangu akasema mradi wetu utakuwa gari. Angelikodisha kwa watalii wanaokwenda kuona michoro ya mapangoni kule Kondoa. Mpaka siku ninayoisimulia, hakuna mtalii aliyewahi kupiga hodi.

Kabla ya kuondoka, mtaalamu alimfundisha namna ya kulitunza gari wakati wa baridi, na mume wangu akalishika somo lile kama mtu aliyeapishwa. Ulipoingia mwezi wa sita alilinyanyua kwa jeki, akalikalisha juu ya matofali ili matairi yapumzike. Aliyatoa maji yote kwenye tangi na kwenye mabomba, yasije yakaganda na kuyapasua. Nilimuuliza ni lini alipata kuona maji yameganda Dodoma nje ya friji ya jirani. Akanijibu kwa upole kwamba mabomba hayajui yako Dodoma. Magodoro aliyasimamisha wima yapate hewa, akakunja mazulia, akaacha kidirisha kimoja wazi kwa upana wa kidole. Kwenye kidirisha kile ndimo lilimoingia vumbi lote la mtaa wetu, maana adui wa gari kule kwao ni theluji na huku kwetu ni vumbi, ila hilo halikuwamo kwenye somo. Betri ndiyo ikaja kulala chumbani, na kila baada ya siku chache aliibeba mpaka kwa fundi redio ikachajiwe. Mtaa mzima ulicheka. Mimi nilicheka kuliko mtaa.

Niliacha kucheka nilipopata haja na lile gari.

Nilikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilitoka mwaka uliotangulia, niko peke yangu ndani, mume yuko visimani, na siku ile sikumlilia mtoto tu, nilimlilia na mama yangu. Sasa hii ya pili ilikuwa imefika miezi ya mwisho. Kwetu Wagogo, binti hurudi nyumbani kujifungulia mtoto wa kwanza mikononi mwa mama yake, na mama yangu alikuwa kijijini, upande wa Kongwa. Lakini presha ilinipanda, na daktari akanikataza kutia mguu nje ya mji. Basi kama mimi siwezi kwenda kwa mama, ilibidi mama aje kwangu. Mambo mengi kuhusu uzazi ule sikuwa na hakika nayo. Hilo moja nilikuwa na hakika nalo: nikijifungua bila yeye nitaogopa, na nilikuwa nimechoka kuogopa.

Shida ilikuwa paa. Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawasemeshani. Kila mmoja akiwa na neno kwa mwenziwe hulipitisha kwa mtu wa tatu. Asiyejua hudhani ni chuki, kumbe ni heshima, na mama anavyozidi kumpenda mkwe ndivyo anavyozidi kumkwepa. Mama alimpenda sana mume wangu. Tangu tuoane alikuwa akija kunisalimia kwa lori la mahindi la kutoka Kibaigwa, anakaa uani ubavuni mwa ukuta, anakula, ananicheka nilivyokonda au nilivyonenepa, na jua likianza kupinda anaondoka zake na lori lingine. Nyumba yetu ya serikali ilikuwa na vyumba viwili. Hata ningempa kimoja akajifungia na kufuli, bati lilikuwa lile lile.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama dirishani na kikombe cha chai, natazama gari lile limekaa juu ya matofali kama bibi aliyekataa kuondoka arusini. Nikamwambia mume wangu, lile lina paa lake. Alielewa papo hapo, na nikaona uso wake ukipata taabu. Alikuwa amekwisha kulilaza. Magodoro yalikuwa yamesimama, mabomba yamekauka, kila kitu kimo katika utaratibu, na sasa nataka kumwingizia mtu ndani. Alizunguka gari mara kadhaa mikono ikiwa nyuma, akarudi ndani, akavua koti moja. Nikajua amekubali. Siku ile ile alishinda akifuta vumbi, akalaza godoro, akatandika mazulia. Alichokataa ni kulishusha kwenye matofali na kurudisha betri mahali pake. Akasema mama anakuja kulala, hasafiri.

Mama alifika na mtungi wa mlenda mkavu, unga wa uwele, na kuku wawili wamefungwa miguu. Hakuingia garini moja kwa moja. Alilizunguka, akaligonga mbavuni kwa kiganja, akainama kutazama chini yake, kisha akasimama mbali kidogo akapima kwa macho nafasi iliyokuwapo kati ya paa la gari na paa la nyumba. Akaniuliza mlango unatazama wapi. Ulikuwa unatazama mlango wetu wa nyuma. Akasema hapana, mlango wa mama mkwe hauwezi kutazamana na mlango wa mkwe. Mume wangu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji kwa adabu, alisikia yote. Ilimbidi aliteremshe gari, majirani wakaja kulisukuma mpaka likageuka, kisha akalipandisha tena juu ya matofali. Nilimsikia akinong'ona na lile gari, anaomba radhi.

Basi tukaanza kuishi, na nakiri sijapata kucheka kama nilivyocheka majuma yale. Mimi ndiye niliyekuwa njia ya maneno yote. Mama anasema akiwa mlangoni pa gari, mume akiwa uani hatua chache tu, kila mmoja anamsikia mwenziwe vizuri, lakini neno halijafika mpaka nilirudie. Mama anasema mwambie mwenzako ugali leo ni wa uwele, kama tumbo lake la pwani halitaki aseme mapema. Mume anasema mwambie mama tumbo limekwisha kuzoea. Mimi nimekaa katikati na tumbo langu, nayarudia yote, na wakati mwingine nikichoka nayafupisha, na hapo wote wawili wananikemea kwamba sikusema sawasawa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa moto. Mama amezaliwa na kukulia katika tembe, nyumba yetu ile ya udongo yenye paa bapa, ambamo watu, mbuzi na moto wa kuni hulala mahali pamoja na baridi ikabaki nje. Jioni ya kwanza aliomba jiko la mkaa aliingize garini. Mume wangu aliposikia alisahau adabu nusu nzima, akatoka nyuma ya tangi. Alinituma nimwambie mama kwamba mkaa ndani ya kijumba kile kilichozibwa kila upande unaua, mtu analala na haamki. Nikasema. Mama akajibu kwamba amelala na moto tangu azaliwe na yuko hai. Nikarudisha. Mume akasema tembe linapumua, gari halipumui, na ndiyo maana kuna hita. Hita yenyewe mtungi wake ulikaa nje, kwenye kijisanduku ubavuni mwa gari. Aliufungua, mimi nikaingia nikabonyeza kitufe na kupiga kiberiti, joto likaja. Mama aliitazama kwa mashaka makubwa. Moto usioona kuni wala mkaa hakuuamini. Alikubali iwake mpaka wakati wa kulala, kisha akaniambia niizime, akajifunika koti langu la manyoya pamoja na mablanketi yote niliyokuwa nayo. Na kuku wake wawili wakalala ndani miguuni pake. Hilo sikumwambia mume, ila asubuhi alilijua mwenyewe kwa harufu.

Upepo ulizidi ulipofika katikati ya mwezi wa saba. Mimi nilikuwa natoka nyumbani kwenda garini na kurudi mara nyingi kwa siku, nimeshika tumbo kwa mkono mmoja na koti kwa mwingine, vumbi linanipofusha. Mume wangu alikuwa ananitazama kwa dirishani, na roho yake haikutulia. Siku moja mama alipokwenda kanisani kwenye ibada ya akina mama, yeye alirudi kutoka kazini mapema na turubai kubwa la kufunikia mtambo. Akapanda juu ya gari akalifunga ncha moja, akapanda juu ya nyumba akalifunga ncha ya pili, akalivuta mpaka likakaza. Kulikuwa na kijia kizuri chini yake, hakuna upepo wala vumbi. Nilipita pale mara moja, nikasikia raha mpaka machozi yakanilengalenga. Nikamwambia Mungu ambariki. Yeye ni wa Tanga na mimi ni mtoto wa mama yangu, lakini hakuna kati yetu aliyeona tulichokifanya.

Mama aliona akiwa bado barabarani. Aliingia uani, akasimama, akanyanyua uso akatazama turubai lilivyotoka paa hili na kuingia paa lile. Aliingia garini, akatoka na furushi lake na kuku wake, akaenda kukaa juu ya jiwe karibu na geti, mgongo ameuelekeza kwetu. Nilimfuata nikimuuliza kuna nini, na alinijibu kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Paa limekuwa moja. Mmenilaza kwa mkwe wangu."

Nilimwambia hakulala, turubai limefungwa mchana huu huu. Akasema hata kama, jirani amekwisha kuona, na kijijini watasikia kwamba alishonewa paa na mkwe wake naye akakaa kimya. Angelala wapi usiku huo? Akasema anakwenda kungoja lori. Mume wangu alikuwa tayari yuko juu ya bati anafungua kamba, na akiwa kule juu alinituma nimwambie mama anasikitika, hakujua, alimwonea huruma mkewe. Nikasema. Mama akaniambia mwambie mwenzako sina ugomvi naye, heshima yangu ndiyo nina ugomvi nayo. Nilipandwa na hasira. Niliwakasirikia wote wawili, mmoja kwa wema wake na mwingine kwa msimamo wake. Nilisimama katikati ya ua nikasema sirudii tena neno la mtu, mnasikiana, semeni wenyewe. Hawakusema.

Tangu asubuhi kiuno kilikuwa kinanivuta, nami nikakaa kimya nikidhani ni uchovu. Pale pale niliposimama kwa hasira zangu, chupa ikapasuka na maji yakanishuka miguuni.

Sijui mume wangu alishukaje kwenye bati. Gari la ofisi lilikuwa Kondoa, teksi zilikuwa mbali mjini, na mtaani kwetu gari lililobaki siku ile lilikuwa letu tu, nalo limelazwa juu ya matofali. Alipita mbio kwenda chumbani, akatoka amekumbatia betri na blanketi lake. Majirani wakaja na jeki, tofali moja moja likatoka. Wale wale waliokuwa wakimcheka kwa kuibembeleza betri walisimama kimya alipokaa kwenye usukani, maana asubuhi hiyo hiyo pikapu ya mwenye kuku ilikuwa imegoma kwa baridi, ikasukumwa mpaka barabarani ndipo ikawaka ikaondoka. Gari letu liliwaka mara ya kwanza alipogusa ufunguo. Aliruka akafunga mtungi wa gesi, kwa kuwa somo lilisema gari haliendi na gesi ikiwa wazi, akarudi. Mimi nilikuwa nimekwisha kulazwa kwenye kitanda cha mama. Mlango ulikuwa wazi, na kupitia mlango ule nilimwona mama amesimama karibu na jiwe lake, furushi kichwani.

Nilitaka kumwita, uchungu ukanikata. Nikawaza kwamba itakuwa kama ile ya kwanza, nitakuwa peke yangu tena.

Mume wangu alishuka. Alisimama ametupa mgongo, anatazama ukuta, akasema kama kawaida yetu, "Mwambie mama gari ni lake. Mimi ni dereva tu."

Hakukuwa na wa kumwambia. Uchungu ulikuwa umenibana na meno nimeyauma. Maneno yake yalining'inia pale uani, hakuna aliyeyachukua, na mama akabaki nayo mwenyewe. Akatua furushi. Akafungua kanga aliyojitanda mabegani, akaingia garini kwa mlango wa nyuma, akaifunga kati ya viti vya mbele na kitanda, ncha huku na ncha kule, akaivuta mpaka haikuonekana kisogo cha dereva. Kisha akakaa, akakiweka kichwa changu pajani pake, akagonga ubao wa gari kwa kiganja. Gari likaondoka. Kuku walibaki juu ya jiwe.

Kutoka kwetu kwenda hospitali ilibidi kuvuka reli. Tulipofika, treni ya mizigo ilikuwa imelala barabarani, mabehewa yanaungwa, yanasogea kidogo mbele, yanarudi nyuma, yanasimama. Mume wangu alizima injini. Nje upepo ulikuwa unalitikisa gari, na ndani mlikuwa na baridi ya bati. Mama alikuwa amewapokea watoto wengi kijijini, na alipofunua nguo na kutazama hakubabaika, ila alisema tu kwamba huyu hangoji treni. Alinishika magoti. Nilimsikia akisema nami kwa Kigogo, maneno yale ya kubembeleza ambayo sikuyasikia tangu nilipokuwa mdogo, na nikagundua siogopi. Naumia, tena naumia sana, lakini siogopi.

Mtoto alitoka kwa haraka kuliko nilivyotegemea. Alikuwa wa kike, mdogo, na alilia mara moja akanyamaza akaanza kutetemeka. Mama alimfunga kwenye kanga nyingine, akamfunga kwenye koti la manyoya, akamweka kifuani pangu, na bado midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Nikaona mama anageuka kuitazama ile hita. Akanitazama mimi. Sikuwa na nguvu ya kuinuka wala ya kumfikishia mtu neno. Akaisogelea ile kanga aliyoitundika mwenyewe.

"Mwanangu," akasema kwa mume wangu. "Mtoto anasikia baridi. Moto wako huu unawashwaje?"

Kisha nikasikia mlango wa mbele ukifunguka, hatua zake zikizunguka gari, kijisanduku cha mtungi kikifunguliwa. Sauti yake ikaja kutoka nje, kupitia bati, karibu kabisa na alipokuwa amepiga magoti mama. Akamwambia gesi imefunguka. Akamwambia abonyeze kitufe na asikiachilie. Mama akasema amebonyeza. Akamwambia sasa apige kiberiti akisogeze kwenye kitundu. Kijiti cha kwanza kikazimika, cha pili vilevile. Mama akalalamika kwamba moto wake una maringo. Mume akamwambia asogeze karibu zaidi, mama, usiogope. Na mama, ambaye msimu mzima hakuwa ametaka kuigusa hita ile, akasema haogopi, ila abonyeze kwa kidole kimoja tu au viwili? Walisemeshana hivyo, mama ndani na mume nje, ubao mmoja katikati yao, mpaka moto ukashika. Mume akamwambia afungue kidirisha kwa upana wa kidole. Akafungua.

Joto likaja. Niliitazama midomo ya mwanangu ikirudi kuwa myekundu, na mama akakaa sakafuni akiwa ameegemea kitanda, mkono wake juu ya mguu wangu. Tulisikia mume wangu nje analia, tena bila kujificha. Hakuna aliyemtania. Mabehewa yakaanza kusogea, na safari hii hayakurudi.

Hospitalini walitupokea vizuri, presha ikatulizwa, na baada ya siku kadhaa tukarudishwa nyumbani sote na lile gari. Majirani walikuwa na swali moja wasiloweza kulimeza, na jirani wa barafu ndiye aliyelitema. Alimuuliza mama kama ule si ukiukaji, maana walikuwa chini ya paa moja yeye na mkwe, tena mchana kweupe. Mama alikuwa amekwisha kulifikiria. Akajibu kwamba nyumba ni ile inayokaa; kitu kinachokwenda ni safari, na safarini watu husafiri pamoja. Jirani akakumbusha kwamba pale relini lilikuwa limesimama. Mama akasema lilikuwa linangoja njia.

Na kwa kuwa sasa lilikuwa limerudi kukaa, mambo yakarudi yalivyokuwa. Gari likapandishwa juu ya matofali, mlango ukatazama kwingine, turubai likarudi kwenye mtambo. Siku ile ile tuliyorudi, mama akiwa mlangoni pake na mjukuu mikononi, na mume wangu akiwa hatua chache tu anafunga boneti, alinigeukia akasema, "Mwambie mwenzako baridi ya leo ni kali. Asisahau kuingiza betri ndani."

Nikamwambia. Akaniambia nimwambie mama amesikia, akaibeba ile betri ndani. Usiku alijaribu kuifunika blanketi la zamani, lakini blanketi lilikuwa la mtoto sasa, basi akavua koti lake moja akaifunika nalo.

Mama alikaa mpaka upepo ulipolegea na mti wa jirani ukaanza kutoa majani. Tulimsindikiza kwenye kituo cha malori, mume wangu amebeba furushi lake amesimama upande mwingine wa lori ili wasitazamane. Dereva alipowasha, mama aliniambia nimwambie mwenzangu asiliuze lile gari kwa watalii, baridi ikirudi naye atarudi. Mume wangu akaitikia kupitia kwangu. Lori likaondoka na kuku wawili waliokuwa wameongezeka kuwa wanne.

Tulirudi kwa miguu, mtoto amelala begani mwake. Tulipofika relini alipunguza mwendo ingawa njia ilikuwa nyeupe. Akaniuliza, bila kunitazama, kama siku ile pale nilisikia mama alivyomwita.

Nilikuwa nimesikia kila neno. Nikamwambia sikusikia, nilikuwa na kazi yangu, hebu anisimulie yeye.